Hakulipa na Hajalipa

Nimeshika kalamu nikusimulie kazi ambayo sisi wanachama watatu wa chama cha kompyuta tumekuwa tukiifanya tangu Januari ya mwaka huu wa 2026. Najua wapo watakaoona neno kompyuta ndani ya jarida la Kiswahili wakafungua ukurasa wa vichekesho. Tafadhali vumilieni kidogo. Habari yenyewe inahusu chakula cha mchana, na hapo hakuna asiyehusika.

Kila asubuhi karani wa ofisi hufungua kivinjari kwenye kompyuta yake, hubonyeza kitufe kimoja, na printa hutoa orodha ya watakaokula siku hiyo. Orodha hupelekwa jikoni. Kiranja wa chakula husimama mlangoni na kalamu nyekundu. Jina lako likiwamo unapewa sahani. Lisipokuwamo unaambiwa uende ofisini, na sote twajua maana ya kwenda ofisini saa saba mchana ilhali karani mwenyewe ameenda kula. Basi, orodha hiyo haitungwi na mtu. Hutungwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP na kaka mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 2022.

Programu hiyo ina mafaili machache tu, lakini ndani ya faili moja mlikuwa na methodi iitwayo orodha(). Methodi, kwa asiyejua, ni fungu la maagizo lenye jina. Ukilitaja jina, kompyuta hutekeleza maagizo yote yaliyomo kisha hurudi pale ilipokuwa. Methodi nzuri ni kama aya katika insha: ina wazo moja, na mwalimu akikuuliza aya hii yasema nini unamjibu kwa sentensi moja. Hii ya kwetu ilikuwa na mistari 412. Ilisoma majina kutoka hifadhidata, ilitafuta malipo ya kila mmoja, ilihesabu siku za muhula, iliondoa sikukuu, iliwapunguzia bei ndugu wa nyumba moja, iliamua nani ale, ilipaka jedwali rangi, hata ikaandika jina la shule juu ya karatasi, yote kwa pumzi moja. Masharti yalikuwa ndani ya masharti, "if" ndani ya "if" ndani ya "if" hadi mara saba, mpaka maandishi mengine yakasukumwa kulia yakatoka nje ya kioo.

Mwaka 1976 Mmarekani mmoja, Thomas McCabe, alitoa njia ya kupima ugumu wa namna hii. Hesabu kila pahali ambapo programu yaweza kushika njia mbili, yaani kila sharti na kila mzunguko, kisha ujumlishe moja. Alipendekeza jumla isizidi 10. Sisi tuliipiga chapa methodi yetu, tukaitandaza kwenye sakafu ya maabara kama mkeka, tukahesabu kwa penseli. Tulipata 64. Mwenzangu akasema haiwezekani, akahesabu tena peke yake huku anacheka. Alipofika 64 kwa mara ya pili akaacha kucheka.

Simlaumu kaka yule hata kidogo. Katika diski tulikuta nakala yake ya mwaka 2021 na methodi ilikuwa na mistari 38, safi kama shati la Jumatatu. Ila ofisi ilikuja ikasema, ongeza hiki. Wiki iliyofuata ikasema, na hiki pia. Kila ombi lilikuwa dogo na kila mara ilikuwa rahisi kuliweka palepale ndani kuliko kulitafutia mahali pake. Nani angekataa? Nguo huchafuka hivyo hivyo, hakuna siku moja unayoweza kuitaja.

Tungeiacha ilale kama si Gredi ya 10. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Nyuma yetu leo hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza, na wageni waliotujia Januari waliitwa Gredi ya 10. Sasa ile methodi ilijua vidato vinne basi, tena iliviuliza mahali 11 mbalimbali. Orodha ya kwanza ya mwaka ikatoka bila jina hata moja la wageni. Kwa karibu wiki tatu mpishi mkuu aliwapa chakula kwa karatasi ya mkono iliyoloa mafuta, na mara mbili karatasi ilipotea.

Mmoja wetu alitoa shauri la haraka: tuwaandikishe kama Kidato cha Kwanza, maana Kidato cha Kwanza ni kitupu. Lingefanya kazi mchana uleule. Mwalimu wetu wa kompyuta alikataa katakata. "Atakayekuja nyuma yenu," akasema, "atakaa usiku akiwatafuta watoto wasiokuwako."

Mwenzangu wa penseli yeye alitaka tuifute yote tuandike upya. Hilo nalo lina utamu wake, kuandika upya kunampa mtu raha kama daftari jipya. Mimi nililipinga. Mistari 412 haikuwa takataka tupu. Ndani yake mlikuwa na kanuni ambazo hazikuandikwa pengine popote, na waliozitunga wengine wamehama shule. Ukifuta, unafuta na usichokijua. Nitajuaje kama mtoto fulani huondolewa Ijumaa kwa sababu ya maana au kwa bahati mbaya?

Hapo ndipo Mwalimu alipotueleza kazi hii ya kupanga upya. Maana yake ni kubadili umbo la msimbo kwa ndani bila kubadili kile unachofanya kwa nje. William Opdyke aliiandikia tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, na mwaka 1999 Martin Fowler akaitolea kitabu, Refactoring, kilichosomwa na waandishi wa programu duniani kote. Mwalimu anacho toleo la pili, la 2018. Katika toleo la kwanza mfano wa kufungulia ulikuwa duka la kukodisha kanda za video. Katika la pili duka limefungwa, pamekuja kampuni ya maigizo inayowaandikia wateja hesabu. Nilipousoma nilijikuta ninacheka peke yangu kwenye matatu, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa uleule wa kwetu: methodi moja inapiga hesabu na kuchapisha papo kwa papo, huwezi kugusa bei bila kugusa karatasi.

Mwalimu wa Kiswahili ametukataza kuanza insha kwa methali, kwa hivyo naiweka hapa katikati: haraka haraka haina baraka. Kabla ya kuhamisha mstari wowote ilibidi tupate namna ya kujua kwamba hatujaharibu. Michael Feathers aliandika juu ya jambo hili mwaka 2004, jinsi ya kuukamata msimbo mkongwe kwa majaribio yanayoonyesha tabia yake ilivyo, iwe nzuri au mbaya. Tuliamua kuifanya programu itoe orodha za siku 40 zilizopita, tuzihifadhi kama mafaili, halafu kila tukigusa kitu tuzitoe tena zote na kuzilinganisha. Hatukuuliza kama orodha ni ya haki. Tuliuliza tu kama ya sasa ni ileile ya mwanzo.

Kumbe haikuwezekana! Methodi yenyewe ilikuwa inatazama kalenda ya kompyuta humo humo ndani, mahali sita. Haikujua siku nyingine ila leo. Kwa hiyo badiliko letu la kwanza, lililotuchukua alasiri nzima na stima ikapotea mara moja, lilikuwa kuiambia: usitazame kalenda, tarehe utapewa mlangoni. Kutoka orodha() ikawa orodha($tarehe). Ukiitazama utasema ni mchezo wa watoto. Lakini bila hilo tusingepata zile orodha 40, na bila orodha 40 tungekuwa tunatembea gizani.

Baada ya hapo mambo yalienda. Tulianza kutoa fungu la kuchapisha, kwa vile hilo halina ubishi, rangi ni rangi. Kisha fungu la kusoma hifadhidata. Hapo tuligundua kwamba programu ilikuwa inakwenda kuuliza upya kwa kila mwanafunzi, ikiuliza zaidi ya mara 380 kila asubuhi, kama mtu anayetumwa dukani kuleta kiberiti kijiti kimoja kimoja. Sasa huuliza mara tatu, na karatasi hutoka kabla karani hajakaa vizuri. Yale masharti saba yaliyopandana tuliyageuza kwa mtindo wa langoni: asiye na sare arudi kwanza, asiyechelewa apite, na anayebaki ndiye unayemhoji. Yaani kila swali likijibiwa, methodi inatoka hapo hapo, haibebi jibu mpaka mwisho. Kila hatua tuliihifadhi kwa Git ili tukiteleza turudi hatua moja tu. Vile vidato 11 vikakusanyika mahali pamoja, na siku hiyo Gredi ya 10 wakaingia kwa mistari miwili. Mpishi mkuu alituma kiranja atuambie ahsante, na ukoko wa wali.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ilikuwa majina. Kaka yule alitumia $x2, $b, $s, $flagi na $flagi_mpya. Mwalimu alituruhusu tuandike kwa Kiswahili, na hapo nikaona jambo ambalo darasani nilikuwa nalisoma kwa ajili ya mtihani tu. Kitenzi chetu kimoja ni sentensi kamili. Amelipa. Humo mna mtu, mna wakati, mna tendo. Methodi ikiitwa amelipa(), msomaji anaiona jinsi ilivyo, haihitaji maelezo pembeni.

Siku moja mwezi Machi, mwenzangu alihamisha fungu moja juu ya fungu la ndugu wa nyumba moja ili mafungu yanayofanana yakae pamoja. Tukalinganisha orodha. Orodha tatu kati ya 40 zilitofautiana, kila moja ilikuwa imeongezeka jina moja. Tulirudisha fungu mahali pake, majina yakatoweka tena. Sasa tukauliza, hili fungu ni la nini hata likatangulia jina la mtu liko, likafuata jina la mtu haliko? Lilikuwa mstari mmoja tu, wa 287 katika methodi ya zamani. Ulisema: ikiwa $b ni 1 na $s imezidi 14, basi $lipa iwe 0.

Tulikaa nao kama mtu anayesoma barua ya ukoo aliyoikuta ndani ya godoro. $b ilikuwa basari. $s ilikuwa siku za masomo tangu shule kufunguliwa. Na $lipa ikiwa 0, kalamu nyekundu. Yaani mwanafunzi anayesubiri hundi ya basari huhesabiwa amelipa kwa siku 14 za kwanza, na siku ya 15 hufutwa, asiambiwe yeye wala mzazi wala mwalimu wa darasa. Tulitoa orodha ya siku moja ya Februari tukahesabu. Walikuwa tisa. Sitasema ni akina nani, nao wanajua kwamba sitasema. Nitasema tu kwamba saa saba mchana huwa kuna watu wanaopenda sana kusoma chini ya ule mjakaranda, na si wote wanaosoma.

Tafadhali tazama ile sufuri. Mtu aliyekataa kulipa ni 0. Mtu ambaye hundi yake iko njiani ni 0. Lugha yetu inawatenganisha kwa silabi moja: hakulipa, hajalipa. Wa kwanza amefunga mlango, wa pili mlango wake uko wazi na mtu anatazamiwa kuingia. Mtoto wa chekechea anayeambiwa mama hajarudi hubaki akitazama njia, wala haoni kama ameambiwa mama hakurudi. Lakini programu haikuwa na -ja-. Ilikuwa na ndiyo na la.

Hapo tuligombana. Mwenzangu alisema tuufute mstari ule jioni ileile, kesho watu tisa wale, nani atajua? Nilitamani kumkubali. Nina mtu wangu chini ya mti ule. Lakini tulikuwa tumeahidi kwamba katika kupanga upya tabia haibadiliki. Kent Beck, aliyeshirikiana na Fowler katika kile kitabu, huzilinganisha kazi hizi mbili na kofia mbili: moja ya kupanga, nyingine ya kubadili, na huzivai zote kwa pamoja. Tena kulikuwa na jambo la kuniuma zaidi ya kofia. Mstari 287 wenyewe uliingia kimya kimya. Kama sisi tungeutoa kimya kimya, basi kesho mwingine angeuingiza tena vivyo hivyo, na wanaokula wangekuwa wanaamuliwa na yeyote mwenye ufunguo wa maabara. Mwenzangu akaniambia maneno yangu ni matamu kwa mtu aliyeshiba. Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka sasa sina.

Tulikubaliana kuifanyia kazi siku hiyohiyo, angalau. Tuliutoa mstari ule ukawa methodi yake mwenyewe, mistari mitano, tukaipa jina ondoaAnayengojaBasari(). Orodha 40 zikatoka vilevile, kama tulivyopaswa. Asubuhi tukaipiga chapa ile mistari mitano na tafsiri yake chini, tukaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa kompyuta.

Naibu aliisoma mara mbili. Halafu akauliza, "Nani aliamua hivi?"

"Hatujui, Mwalimu," nikasema. "Tumeikuta ndani."

Karani akaitwa. Ni yeye aliyekumbuka. Mwaka 2022 muuza mahindi alikataa kuleta mzigo mwingine kabla hajalipwa wa kwanza, na ikakubaliwa, kwa muhula ule mmoja, wanaongoja basari wasubiri. "Ule muhula tu," akarudia, kama anayejitetea mbele ya mtu ambaye hayuko. Muhula uliisha, mstari haukuisha. Katikati ya mistari 412 haungeonekana hata na karani, ambaye ndiye aliyebonyeza kile kitufe kila siku.

Msidhani mambo yalimalizika kwa makofi. Naibu alitukumbusha kwamba chakula si bure, sahani tisa kwa siku ni magunia kwa muhula, na hundi nyingine huja shule imefungwa. Alisema kweli. Waliongea na mtunza ghala karibu saa nzima, sisi tumesimama. Uamuzi ulikuwa kwamba kwa muhula huu wa pili, kwa majaribio, mwenye barua ya basari atakaa katika orodha mpaka siku ya kufunga, na mzazi ataitwa wiki ya sita badala ya mtoto kufutwa. Tukarudi maabara tukavaa kofia ya pili. Badiliko lilichukua dakika kumi. Orodha 40 zilitofautiana na za zamani mahali pale tulipotarajia, na hapo tu.

Niliomba jambo moja nikakubaliwa. Kando ya kanuni hiyo mpya tumeandika tarehe yake ya mwisho. Wiki ya mwisho ya muhula karani akibonyeza kitufe, ataona kwanza ujumbe kwamba kanuni hii ilikuwa ya muhula mmoja, na ataulizwa iendelee au iondoke, na nani ameamua. Jina lazima liandikwe, bila jina printa haitoi kitu.

Leo methodi ya 412 imekuwa methodi 23, na ndefu kuliko zote ina mistari 31. Iliyobaki ni methodi ya risiti(), mistari 196, hatujaifungua na sijui kaka yule aliweka nini humo. Sisi mwakani tuko Kidato cha Nne na chama hakina wa kuturithi ila wageni wa Gredi ya 10. Wanne wamejiandikisha, na nafasi zipo. Tunakutana Jumatano baada ya michezo, maabara ya kompyuta. Njooni na penseli, sakafu tumeshaifagia.